Msimu Honi Iliponyamaza

14 Januari

Honi ya lori haijaharibika. Mimi ndiye niliyechomoa waya wake. Sijamwambia Baba, sijamwambia Mama, na hata Bibi, ambaye hunisoma mpaka mawazo, hajui.

Niliuchomoa mwishoni mwa Novemba, wiki niliyorudi kutoka shule ya bweni nikiwa nimemaliza masomo. Niliukunja vizuri, nikaufunga kando kwa mpira wangu wa nywele wa bluu, ule wa sare, nikashusha boneti. Kesho yake Baba alibonyeza honi, ikakaa kimya. "Vumbi," alisema, akaendelea na safari. Hapa kwetu Wilgarra kila kitu kikifa kimeuawa na vumbi: redio, pampu, nyanya za Bibi. Hakuna anayeuliza zaidi.

Baba aliwazoesha kondoo honi tangu mwaka wa kwanza wa ukame, na huu ni wa saba. Ikilia, wanajua mahindi yamefika. Wanatimka wote kwa pamoja na wanyonge wanaangushwa. Siku ya kwanza niliyopewa kazi ya kuwalisha nilimwona jike mmoja akikanyagwa na wenzake mpaka mguu ukavunjika, na Baba akalazimika kwenda kuchukua bunduki. Siku ya pili niliwaita kwa mdomo. Walikuja wakitembea.

Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuitetea. Ya pili siwezi: nawaimbia. Kwa sauti yote niliyo nayo. Mimi ambaye mwalimu akinitaja darasani shingo iliwaka moto na jibu nililolijua likapotea, mimi ambaye simu ikilia hukimbilia chooni, nikisimama nyuma ya lori na kopo la mahindi, mbali na sikio la mtu yeyote, naimba mpaka mishipa inanisimama. Nawaita mabibi. Jike mzee anayewaongoza nimempa jina Shangazi, kwa kuwa ananitazama kana kwamba sketi yangu ni fupi.

Haya. Nimeliandika.

15 Januari

Mama amepiga simu kutoka mjini. Ni muuguzi, hulala kwenye nyumba za hospitali na kuja kwetu mwisho wa juma barabara ikiruhusu. Nafasi yangu ya kusomea uhasibu huko pwani imethibitishwa. Nitapanda basi tarehe mosi Machi.

"Umefurahi, Merrin?" aliuliza.

"Asante, Mama."

Sikujibu swali, wala yeye hakuligundua. Nataka kubaki hapa. Lakini kubaki na nini? Zamani kondoo wetu walikuwa wakipita langoni tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Sasa tumebaki na majike wasiofika mia nne, ukoo ulioanzishwa na Bibi na marehemu Babu. Baba anawaita mbegu. Anasema hawa wakiisha hana cha kuanzia tena. Atafunga nyumba aende kuendesha malori mgodini.

17 Januari

Joto. Hakuna cha kuandika.

19 Januari

Jirani yetu Reg Pascoe alikuja kuazima spana. Anaishi peke yake ng'ambo ya malisho ya chini, na kila akija ananitania mpaka natamani sakafu inimeze.

"Hujambo, Binti Kimya?" Nikatikisa kichwa. Akamgeukia Bibi. "Mama Enid, huyu mjukuu wako ana ulimi au mliuuza pamoja na ng'ombe?"

"Anao," Bibi akasema, "ila anautunza. Wako umekwisha makali kwa kutumika."

"Mimi naongea na kuku. Wanatagia ndani ya mashua yangu siku hizi. Mashua ya bati, na haijaona maji tangu sijapata upara."

"Ulipata upara zamani sana, Reg."

Akacheka, akavaa kofia yake iliyotoboka, akaondoka na spana na nusu ya keki. Simpendi. Jioni nilitunga ubeti mmoja kwa hasira, nikawaimbia mabibi huku nikimwaga mahindi:

Njooni mabibi, meza iko tayari,
Pascoe amekuja na kofia ya fahari,
kofia ina tundu, ndani hamna nywele,
upepo ukivuma kichwa chang'aa mbele.

Walipenda. Shangazi alikula mahindi mkononi mwangu.

21 Januari

Nimeimba ile ya Pascoe tena. Sasa nawamwagia mahindi nikifika kwenye kofia, si kabla.

23 Januari

Kuna mawingu upande wa kaskazini. Hakuna anayeyataja. Wakati wa chakula Baba alikaa ameupa dirisha mgongo makusudi. Bibi amefua mashuka yote ya nyumba, hata yaliyo safi, akayaacha kwenye kamba usiku kucha. Nilipomuuliza kwa nini hayaanui alisema, "Nyamaza, yatasikia." Sijui alimaanisha mashuka au mawingu.

24 Januari

Imenyesha.

Imenyesha, imenyesha. Nilikuwa uani nikiwawekea kuku maji nikahisi kitu kimenigonga begani, nikadhani ni mdudu. Kisha mkononi. Kisha vumbi likaanza kuruka lenyewe ardhini, matone mazito yenye nafasi kubwa kati yao, na ile harufu. Nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa na miaka kumi na moja mara ya mwisho mvua ya kweli iliponyesha hapa. Baba alitoka karakana, akasimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia tu, kofia mkononi. Bibi alitoka na viatu vya ndani. Bati likaanza kunguruma hata tukawa tunasoma midomo ya wenzetu.

Jet, mbwa wetu, ana miaka mitatu na hajawahi kuona kitu hiki. Alilibwekea paa mpaka sauti ikamkauka, kisha akaingia chini ya kitanda changu.

Mashuka yote yamechafuka kwa tope jekundu. Bibi anasema atayatandika hivyo hivyo.

25 Januari

Milimita sitini na mbili. Ndani ya kipimamvua alikuwa anaishi buibui, karibu miaka miwili sasa. Baba alimtoa kwa kijiti taratibu, akamhamishia kwenye nguzo, ndipo akasoma.

Kisha simu. Hii ndiyo desturi: mvua ikinyesha, kila nyumba hupigia nyumba nyingine asubuhi kuuliza wamepata ngapi, na kila mtu huongeza kidogo. Bibi huhesabu kwa pointi, kipimo cha zamani, kwa hiyo hakuna anayeweza kumbishia. Pascoe alisema amepata sabini. Hupata zaidi yetu siku zote, hata kwenye ukame alikuwa anapata vumbi zaidi.

Simu ya tatu niliipokea mimi. Nilisema, "Sitini na mbili," nikaikata. Bibi alinitazama juu ya miwani.

26 Januari

Mvua.

27 Januari

Mvua. Vyura wametoka ardhini kama waliokuwa wakisubiri nyuma ya mlango. Mmoja yumo kwenye kiatu cha Baba. Barabara ya mjini imefungwa na Mama hawezi kuja. Anapiga simu kila jioni tumwekee simu karibu na bati asikie.

29 Januari

Mvua. Soksi zote zimeloa. Hakuna anayelalamika, tunaogopa.

1 Februari

Jua limetoka, na nchi ni ya kijani. Siwezi kueleza vizuri. Si majani bado, ni kama mtu amepuliza rangi juu ya udongo. Ukisimama juu yake huioni. Ukiinama ukatazama kwa mbali, ipo.

Kijani zaidi ni malisho ya chini, kule mto unakotawanyika ukijaa, kwenye udongo mweusi. Majani yamefika kwenye kifundo cha mguu tayari. Asubuhi tulisimama sote langoni, Baba, Bibi na mimi, na majike nyuma yetu wamenyoosha pua. Walikuwa wamenusa. Miaka saba wamekula mahindi na matawi ya miti ya mulga anayowakatia Baba kwa msumeno.

"Waache waingie, Lyle," Bibi alisema. "Wale kitu chenye maji ndani yake."

"Nitawatoa baada ya wiki," Baba akasema, na akaniambia nifungue.

Nilishika lango. Waliingia wakikimbia, hata Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hawakutaka chochote kutoka kwangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema hapana. Nimeona niandike hilo.

4 Februari

Barabara imefunguka. Baba ameenda mjini na gari dogo kumchukua Mama na unga. Amesema atarudi kesho.

5 Februari

Saa kumi jioni simu ililia, Bibi akiwa bafuni. Iliita mpaka ikakata, ikaanza upya. Nilipokea.

Ilikuwa ni mwanamke wa shamba la juu mtoni, simjui sana. Hakuuliza tumepata ngapi. Alisema, "Mwambie baba yako mto unakuja. Kwetu umeshapita alama ya mwaka ule wa mafuriko makubwa na bado unapanda. Kwenu utafika kesho, labda usiku wa leo."

Nje hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ya huko juu, ambayo sisi hatukuiona, ilikuwa inatelemka.

Nilimpigia Baba mjini. Alisema neno moja tu, "Majike." Saa moja baadaye alipiga tena: kijito kilichopo kati yetu na mji kimejaa, yeye na Mama wamesimama ukingoni, hawawezi kuvuka.

"Kesho alfajiri uwatoe, mwanangu. Wapandishe kwenye tuta la mchanga lililo juu ya malisho. Chukua Jet na lori. Ukienda leo giza litakukuta katikati."

Bibi alichukua vijiti vilivyokuwa vikishikilia nyanya zake, akachomeka kimoja pale maji ya mfereji wa nyuma ya nyumba yalipoishia. Hivyo ndivyo tunavyojua kama yanapanda. Tulikunywa chai tukikitazama. Chai ilipoisha, kijiti kilikuwa kimesimama ndani ya maji.

"Bibi, naogopa."

"Na mimi," alisema. Lakini nilimwona macho. Alikuwa amefurahi kama msichana. Na nikisema kweli, na mimi nilikuwa nimefurahi. Miaka saba tunautazama mto mkavu.

6 Februari

Nitaandika yote.

Nilitoka kulipopambazuka. Lori lilikwama lango la kwanza. Udongo mweusi ukiloa hushika kama gundi, na magurudumu yalizama mpaka tumbo la lori likagusa ardhi. Nilikaa ndani sekunde chache nikiutazama usukani. Nilifikiria ule waya. Hata ningeurudisha, kutoka pale honi isingewafikia. Nikachukua kopo la mahindi, tukaenda kwa miguu, mimi na Jet, juu ya tuta la mchanga.

Kutoka juu niliuona. Mto haukuja kwa kelele kama nilivyodhani. Ulikuwa umelala kila mahali, rangi ya chai ya maziwa, ukitembea bila haraka na kubeba matawi, mabonge ya povu, na pipa letu la maji ya kuku. Majike walikuwa wamebanana kwenye kinundu cha ardhi katikati, na kinundu kilikuwa kinapungua. Kati yao na mimi palikuwa na maji mapana kuliko uwanja wa mpira.

Kondoo mwenye sufu ya mwaka mzima hawezi kuogelea mbali. Sufu inakunywa maji, inamvuta chini. Lakini nilijua pale chini kuna njia ya trekta, Baba huisawazisha kila mwaka kwa changarawe, na nguzo za seng'enge zinaifuata upande mmoja. Vichwa vya nguzo vilikuwa vinaonekana juu ya maji. Ukizifuata nguzo, unakanyaga pagumu.

Nilimtuma Jet kwanza. Akaogelea, akafika, akaanza kuwasukuma. Walirudi nyuma badala ya kuja mbele, na wawili wa nyuma wakaanguka majini na kuchukuliwa. Nilipiga mluzi arudi. Nilianza kulia.

Ndipo niliposikia mtu anatukana. Ilikuwa mashua ya bati, ikizunguka zunguka, na ndani yake Pascoe na kasia moja, na nyuma yake, juu ya kiota cha nyasi, kuku mmoja amelalia mayai.

"Amekataa kutoka," Pascoe alisema alipokaribia, kana kwamba hilo ndilo nililotaka kujua. "Wako wangapi kule?"

"Wote."

Alivua kofia, akaivaa tena. "Baba yako?"

"Mjini."

"Na lori?"

"Limezama."

"Basi hata hiyo honi yenu mfu haina kazi." Alitazama kinundu. "Siwezi kuwabeba kwa mashua, binti. Nitabeba watano, mia watakufa nikiwa njiani. Lazima waje wenyewe. Lazima kuwe na kitu cha kuwafanya waje."

Nilitazama nguzo. "Nitakwenda mimi. Watanifuata."

"Kwa nini wakufuate?"

Nilianza kushuka kuelekea majini. Pascoe akachukua kamba, akanifunga kiunoni mwenyewe, akaivuta mara mbili kuhakikisha, na mwisho wake akaufunga kwenye mashua. "Ukikosa njia nitakuvuta kama samaki. Usione aibu kupiga kelele. Najua ni kazi ngumu kwako."

Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotegemea. Yalinifika mapajani, kisha kiunoni, na changarawe ilikuwepo chini, nzuri, ngumu. Nilishika nguzo moja, kisha nyingine. Pascoe alikwenda nami kwa mashua, upande maji yanakoelekea, akisukuma kwa kasia. Tulipofika karibu na kinundu niliweza kuwaona nyuso. Walikuwa wanatetemeka. Shangazi alikuwa mbele, miguu imo majini.

Nilitikisa kopo. Hawakusogea.

"Waite basi," Pascoe alisema.

"Geuka."

"Nini?"

"Tafadhali, Bwana Pascoe. Geuka utazame kule."

Aligeuka. Namshukuru kwa hilo. Nikafungua mdomo na sauti ikatoka ndogo, kama ya darasani. Nikajaribu tena. Niliimba ule wimbo wa asubuhi, kisha wa chai, kisha ule unaotaja majina yao. Shangazi aliinua kichwa. Masikio yakaja mbele. Lakini hakuinua mguu, na nilijua kwa nini. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe: mahindi humwagwa wimbo ukifika kwenye kofia.

Maji yalikuwa yamemfika Shangazi magotini.

Nikaimba. Njooni mabibi, meza iko tayari. Nikaimba Pascoe na kofia ya fahari, Pascoe mwenyewe akiwa hatua chache kutoka kwangu na mgongo wake umenyooka ghafla. Niliimba tundu, niliimba nywele, niliimba kichwa kinachong'aa, kwa sauti niliyodhani ni ya kondoo peke yao, na Shangazi akaingia majini.

Alikuja mpaka kwangu, nikampa mahindi, nikarudi nyuma nguzo moja, nikaimba tena. Nyuma yake akaingia wa pili. Halafu wakawa kamba, mmoja nyuma ya mkia wa mwenzake, vichwa juu, wakipumua kwa nguvu. Nilitembea kinyumenyume njia yote. Sijui niliuimba mara ngapi. Pascoe hakugeuka tena kutazama kule. Alikuwa upande wa chini akiwasukuma kwa kasia waliopepesuka, na aliyezama alimshika sufu, akamtupa ndani ya mashua. Kuku alikuwa akiwadonoa. Jet, juu ya tuta, alikuwa akiwapokea mmoja mmoja na kuwanusa kama askari wa mpakani.

Wachache tuliwapoteza. Wale wawili wa kwanza, na wengine wadogo mwishoni, kinundu kilipomegeka. Sitasahau walivyogeuza vichwa. Lakini waliobaki wamesimama kwenye mchanga mwekundu, wanavuja maji kama nguo kwenye kamba, na ni karibu kundi lote.

Tulikaa chini, mimi na Pascoe. Alivua kofia akaikamua. Nilingoja anichambue.

"Kuna kosa kwenye huo wimbo wako," alisema hatimaye. Akainua kofia juani nione. "Matundu ni mawili."

7 Februari

Nimelala mpaka saa sita. Nimemwambia Baba kwa simu.

"Mimi ndiye niliyewapeleka kule," alisema.

"Mimi ndiye niliyeshika lango, Baba."

"Ulikuwa unafuata nililosema."

"Hapana. Nilikuwa na furaha kama nyinyi."

Ni maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia kwa simu. Pascoe alilala kwetu kwenye kochi kwa sababu nyumba yake imezungukwa. Mashua imefungwa kwenye ngazi ya baraza, kuku bado yumo. Vifaranga vinne.

10 Februari

Kijiti cha Bibi kinarudi nchi kavu. Mwari, wale ndege wa maji wenye midomo mirefu, wametua kwenye malisho ya chini, wengi, weupe, sijui walisikia kutoka kwa nani kwamba sasa kuna maji. Bibi anakaa barazani kuwatazama, Pascoe anamsaidia kutazama. Wanabishana mafuriko ya zamani yalifika wapi. Leo nilimpelekea Pascoe chai bila kuagizwa. Zamani nilidhani anasema sana kwa sababu anadharau watu. Sasa nadhani ni kwa sababu anakaa na kuku.

Hajamwambia mtu wimbo unahusu nini. Kwa Bibi alisema tu, "Anawaita vizuri."

14 Februari

Baba na Mama wamefika kwa mashua, Mama ameshika gunia la unga kama mtoto mchanga. Baba alipita moja kwa moja akaenda kwenye tuta. Nilimwona kwa mbali akitembea kati ya majike, akiwagusa migongo.

17 Februari

Mbu. Mbu tu.

20 Februari

Leo Pascoe amelivuta lori letu kwa trekta lake. Walilileta uwanjani, na Pascoe akafungua boneti kusafisha tope. Mama alikuwa barazani anapanga nguo zangu kwenye sanduku, kwa ajili ya tarehe mosi. Mimi nilikuwa namshikia Pascoe ndoo.

"Ukiwa humo," Baba alisema kutoka chini ya lori, "nitazamie na hiyo honi. Tukiipata ikilia, kazi ya kuwahamisha itakuwa rahisi Merrin akishaondoka."

Pascoe aliinama, akapangusa kwa kidole. Nikaiona bluu ikitokea chini ya tope. Aliutazama waya, safi, umekunjwa, umefungwa vizuri kwa mpira wa nywele. Kisha akanitazama kichwani. Nilikuwa nimefunga nywele kwa mpira wa pili wa aina ile ile.

Nilitazama ndoo.

"Lyle," Pascoe alisema, "hii imeoza mpaka ndani."

"Ninunue nyingine?"

"Za siku hizi ni takataka. Usitupe pesa."

Akashusha boneti, akaipiga kofi mara mbili.

Baba alitoka chini ya lori na tope mpaka kwenye nyusi. "Basi sijui nani atawaita," alisema, akimwambia Mama zaidi ya mimi. "Jana niliwaita mimi. Walinitazama kama nimekuja kuwauzia bima."

Mama aliacha kukunja. Alikuwa ameshika sweta yangu. "Merrin," alisema, "wewe unataka nini?"

Wote wanne walinitazama, Bibi naye alikuwa mlangoni. Shingo iliwaka. Nikawaza maji yalivyonifika kiunoni na changarawe ilivyokuwepo chini.

"Nataka kubaki," nikasema. "Sitaki uhasibu. Nilikuwa sitaki tangu mwanzo. Nataka majike."

"Mbona hukusema?"

"Sijui, Mama. Nilisema asante."

Mama alitazama sanduku, akamtazama Baba, kisha akakunjua ile sweta akanirushia begani. "Mwaka mmoja," alisema. "Nitawaandikia wakutunzie nafasi. Tutaona baada ya kunyoa sufu."

Bibi alikwenda jikoni kuweka birika, na Pascoe akamfuata akiulizia keki.

1 Machi

Basi limepita barabara kuu saa tatu. Sikulisikia, ni mbali mno, lakini nilitazama upande ule.

Majani ya malisho ya juu yamefika magotini. Majike hawahitaji mahindi tena, wameanza kuwa na matumbo, na Baba amejenga lango jipya la malisho ya chini ambalo halitafunguliwa mpaka Aprili. Hata hivyo asubuhi nilikwenda na kopo. Niliimba, na waliacha majani yote yale wakaja, Shangazi mbele, wakitembea. Baba alikuwa kwenye seng'enge mbali kidogo na najua alisikia. Nilimaliza beti zote. Pascoe ametaka nimuongezee ubeti wa mashua na kuku, na nimemwahidi.

Waya bado uko pale pale, chini ya boneti, kwenye mpira wa bluu. Kuuchomeka ni kazi ya dakika moja, na honi italia kama zamani. Anayejua ni Pascoe, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hasemi, na sasa wewe uliyesoma mpaka hapa. Najua Mama hakuniruhusu kwa ajili ya honi peke yake. Lakini mwaka ni mrefu na Baba anapenda kutengeneza vitu. Nakuomba sana, ukipita Wilgarra na ukamkuta ameegemea lile lori, msifie kondoo, muulize amepata milimita ngapi, na usiseme neno kuhusu boneti.

Acha honi ibaki imekufa.